Kidole Kwenye Ukurasa wa Surua

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe cha bati, kikakwangua chini mara mbili, kikanyamaza. Bonareri alikuwa macho gizani, binti yake Kemunto amejikunja ubavuni mwake, akangoja mpaka kikagonga tena.

Kuta za nyumba za kambi ya wachuma chai hazikufika juu kabisa. Ziliishia kwenye mbao za paa, na lolote lililofanyika kwa jirani lilivuka hapo kama moshi wa jikoni. Alijua ni Tecla anayekoroga. Alijua pia kilichokuwamo kikombeni: chai ya rangi, nyepesi, isiyo na tone la maziwa. Na aliyesema iwe hivyo ni yeye Bonareri, mbele ya wanawake zaidi ya ishirini, huku ameshika kitabu.

Mtoto wa Tecla, Chelangat, alikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kama mtu anayepasua vijiti. Ilikuwa siku ya tano.

Vitabu vilikuja mwezi wa pili, mwaka wa sabini na tatu, vinne katika sanduku moja la mbao, vipya, bado vinanuka gundi. Vililetwa na Mwalimu Kiarie, ambaye mchana aliuza sukari na misumari katika duka lake barabarani na jioni akafundisha watu wazima kusoma katika ukumbi wa kambi. Cha kijani kilikuwa cha sheria, cha bluu cha sayansi, cheusi kilieleza dini za watu mbalimbali, na chekundu, kinene kuliko vyote, kilikuwa cha afya. Vyote kwa Kiswahili, tena kile Kiswahili kirefu cha watu wa pwani, ambacho mtu wa huku hukisoma akipumzika njiani kama anayepanda kilima.

Darasa zima la jioni halikuwa na mtu wa kumshinda Bonareri kwa kusoma. Alikuwa amekuja Kericho kama bibi arusi asiyejua hata kuandika jina lake, na katika miaka mitano, mtoto mgongoni, alikuwa amefika mahali pa kusoma barua za watu wa mstari mzima wa nyumba. Kwa hiyo Mwalimu alimkabidhi yeye vitabu avitunze, avisome mbele ya wenzake, na akamwambia kwamba mambo yakienda vizuri angeandika jina lake lipelekwe mbele, awe mwalimu msaidizi wa darasa la wanawake. Bonareri alivilaza vitabu ndani ya debe la unga lenye mfuniko, mvua isivifikie. Usiku wa kwanza aliamka mara mbili kuvigusa.

Mahali pa kusomea palikuwa pale pa kupimia majani. Lori la kiwanda halikuwahi kufika kwa wakati, na wachumaji walikaa juu ya nyasi, vikapu vimejaa mbele yao, wakingoja. Ili Bonareri afike mapema na awe na nafasi ya kusoma, wanawake walikubaliana kwamba kila mmoja, kabla ya kutoka shambani, angetia konzi moja ya majani katika kikapu chake. Nyambeki, mwanamke wa maneno mengi aliyechuma mstari wa jirani, aliiita konzi ya kitabu. Jina likabaki.

Na walisikiliza kweli. Siku waliyosomewa kwa nini jani la chai hubadilika rangi likishavunjwa na kupata hewa, walicheka mpaka karani wa mizani akageuka, maana walikuwa wamelichuma jani hilo miaka kumi na hakuna aliyewahi kuwaambia linafanya nini baada ya kuwaacha. Siku ya kitabu cha kijani, ilipofika habari ya mume anayeuza shamba bila mkewe kujua, Nyambeki aliomba ukurasa ule usomwe tena, polepole, kisha akauliza kama kitabu chenyewe kinaweza kuazimwa kikalale kwake jioni moja tu, juu ya meza, kimefunguka hapo. Bonareri alicheka pamoja nao, lakini ndani alihisi kitu kitamu kikimpanda kifuani. Waliposema kitabu kimesema, walimtazama yeye.

Ndipo siku ile Tecla alipouliza.

Tecla alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mkipsigis wa upande wa Sosiot, mwanamke mpole ambaye naye alikuwa ameanza darasa la jioni na sasa aliweza kuunganisha silabi akipewa muda. Alisimama na kikapu bado mgongoni. Alisema mtoto ameamka na homa, macho mekundu, na nyuma ya masikio vimeanza vipele.

"Mama Kemunto," akasema, "kitabu kinasema nini juu ya surua?"

Bonareri alifungua kile chekundu. Alikiona kichwa cha habari. Chini yake maneno yalikuwa yamebanana, kurasa tatu nzima. Pale pale lori likapiga honi kwenye kona, karani akaanza kuita majina, wanawake wakainuka huku shingo bado zimemgeukia. Angeweza kusema, ngoja nisome kwanza, nitakuambia jioni. Ukuta wao ulikuwa mmoja. Lakini nyuso zote zile zilikuwa zinangoja, na mtu anayejua hasemi ngoja. Akafunga kitabu, kidole chake kikiwa kati ya kurasa, akasema:

"Kinasema asipewe maziwa wala nyama mpaka vipele vitoke vyote. Maji kidogo ya vuguvugu, au chai ya rangi. Na afungiwe ndani, upepo usimpate."

Hayo hayakuwa maneno ya kitabu. Yalikuwa ya mama yake. Ndivyo mama yake alivyowatunza ndugu zake Bonareri, kina Bogonko, walipopata surua, na Bogonko alipona, leo ni mtu mzima mwenye ndevu. Bonareri alipoyasema hakuhisi anadanganya. Alihisi anasaidia, na kwamba kitabu kikishasomwa kitasema hayo hayo, kwa sababu kingeweza kusema nini kingine.

Siku ya pili akaja mama mkwe wa Tecla kutoka Sosiot, bibi kizee ambaye kambi nzima ilimwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yao. Alikuwa ametembea na kibuyu cha mursik kwapani, maziwa yaliyoganda vizuri ndani ya kibuyu kilichopakwa ule mkaa wa mti wao. Kwao mtoto mgonjwa hupewa maziwa, na hakuna mjadala. Bonareri aliwasikia juu ya ukuta. Kogo alisema kwa Kikipsigis, Tecla akajibu kwa Kikipsigis, lakini katikati ya majibu likaruka neno moja la Kiswahili mara tatu: kitabu, kitabu, kitabu.

Baadaye Tecla alibisha hodi akiwa na kile kibuyu.

"Yasiharibike bure," alisema. "Mpe Kemunto anywe. Wewe ndiye umenisaidia, mama."

Bonareri alipokea kwa mikono miwili. Kemunto, aliyekuwa na miaka minne kama Chelangat, alikunywa siku tatu mfululizo, asubuhi na jioni, akifuta mdomo kwa mkono na kudai tena, wakati upande wa pili wa mbao mwenzake alikuwa akikwanguliwa chai ya rangi kwa kijiko.

Jana yake jioni, kikohozi kilipobadilika sauti, Bonareri alikitoa kitabu chekundu debeni ili atafute kama kuna la kuongeza. Ndivyo alivyojiambia: la kuongeza. Aliketi karibu na koroboi, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Mtoto mwenye surua asinyimwe chakula. Akasogeza kidole. Apewe maziwa, uji, mayai na matunda, na maji ya kunywa mara kwa mara, kidogo kidogo, mchana na usiku. Kumnyima ni hatari, hasa kwa macho yake. Macho yakitoa usaha, au akipumua kwa shida, apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kuchelewa.

Alisoma mara tatu. Mara ya tatu alisoma kwa sauti, kana kwamba maneno yangeogopa na kubadilika.

Ndipo alipokumbuka jambo ambalo mama yake hakuwahi kulitaja tena. Walioumwa surua nyumbani kwao walikuwa wawili. Alikuwapo Bogonko, na alikuwapo mdogo wake aliyekuwa bado hajaanza kutembea. Miaka yote hiyo Bonareri alikuwa akimhesabu yule aliyepona peke yake.

Akavitoa na vile vitabu vingine, hata hakujua anatafuta nini. Cha sheria kilikuwa na adhabu ya mtu anayepima kwa mizani ya uongo, na ya mtu anayeapa uongo mbele ya hakimu, lakini hakikuwa na ukurasa wa mtu anayesingizia kitabu. Cha sayansi kilisema mwanzoni kabisa kwamba jambo halisemwi ni kweli mpaka limetazamwa. Cheusi kilieleza jinsi watu wa dini mbalimbali wanavyotubu, na karibu zote zilikutana mahali pamoja: nenda kwanza kwa yule uliyemkosea. Alikifunga hicho kwa haraka kuliko vyote.

Mumewe Momanyi, aliyekuwa anajiandaa kwenda zamu ya usiku kiwandani, alimsikiliza akifunga viatu. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia asijitie kitanzi bure, aende aseme kitabu kina ukurasa wa pili, kwamba baada ya siku nne maziwa yanaruhusiwa. Mtoto atapata maziwa na yeye atabaki na heshima yake. Nani atajua, aliuliza, na hao hawasomi.

Bonareri alitoka mpaka mlangoni kwa Tecla jioni ile ile. Ndani aliwasikia watu wa kanisa wakimwombea mtoto, na mmoja akimshukuru Mungu kwa kuwaletea jirani aliyesoma. Mkono ulikuwa tayari umeinuka kubisha. Ukashuka. Akarudi, akalala na nguo zake. Na usiku huo mzima, ambao mtoto angeweza kunywa maziwa, hakuyapata.

Sasa kijiko kikagonga mara ya tatu. Bonareri akainuka. Alimfunika Kemunto, akachukua kitabu, akachukua kibuyu, ambacho bado kilikuwa na kiasi cha kikombe kimoja, akatoka kwenye tope na baridi ya alfajiri, hatua saba tu, akabisha, akaingia.

Tecla alikuwa ameketi kitandani, mtoto mapajani. Midomo ya Chelangat ilikuwa imepasuka, kope zimegandishwa na usaha, kichwa kinaning'inia kama cha ndege. Kogo alikuwa sakafuni kando ya jiko, shuka limemfunika mpaka masikioni. Hakuna aliyeuliza kwa nini amekuja saa ile. Tecla alikitazama kitabu na uso wake ukafunguka kidogo, na kufunguka kule ndiko kulikomchoma Bonareri kuliko kitu chochote.

Hata hivyo alianza na yale ya Momanyi. Alijisikia akisema kwamba amepata ukurasa mwingine, kwamba sasa siku zimetimia, kitabu kinaruhusu maziwa.

Tecla akasema, "Asante Mungu," akanyoosha mkono kuchukua kibuyu. Lakini Kogo alitoa mkono wake ndani ya shuka, akauweka juu ya kile kibuyu. Kiswahili cha Kogo kilikuwa cha sokoni Sosiot, cha kununulia na kuuzia tu.

"Juzi kitapu ilikataa," alisema. "Leo kitapu inakupali. Wapi? Weka kitole hapo."

Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, kama anavyouliza mtu bei. Hakujua hata herufi moja, angeonyeshwa popote angeitikia. Bonareri alifungua ukurasa, akaweka kidole. Tecla akainama juu ya kichwa cha mtoto wake, na kwa mwanga wa jiko akaanza kuunganisha, kwa ile sauti ya darasani, polepole, a-si-nyi-mwe. Akaendelea. A-pe-we. Ma-zi-wa. Akarudi juu kutafuta mahali palipoandikwa siku. Hakupaona. Akarudi tena.

"Siku ziko wapi, mama Kemunto?"

"Hakuna siku," Bonareri akasema. "Hakuna popote. Siku ile sikusoma. Nilifunga kitabu nikasema ya mama yangu. Hii imeandikwa hivi tangu mwanzo."

Tecla hakumwelewa mara moja, au alimwelewa na akataka asiwe amemwelewa. Alimtazama, akatazama kibuyu, na Bonareri akaona macho yake yakihesabu siku tatu za Kemunto akifuta mdomo. Alitamani apigwe. Alitamani Tecla apige kelele kambi nzima iamke. Tecla alisema tu neno moja kwa Kikipsigis kwa mama mkwe wake, na Kogo akaondoa mkono juu ya kibuyu, akakizibua, akamimina maziwa yote ya rangi ya majivu ndani ya kikombe cha bati, akiwa amekwisha kuimwaga nje ile chai. Hakusema mimi nilijua. Alidai kijiko.

Chelangat alikikataa cha kwanza. Cha pili kilimwagikia kidevuni. Cha tatu alikimeza, na wote watatu waliusikia mmezo ule.

Kulipopambazuka walimpeleka kwa dresa wa kambi, mfunga vidonda na mgawa dawa, Tecla mbele na mtoto, Bonareri nyuma na mwavuli ambao Tecla hakujikinga nao. Dresa alimtazama mtoto macho na kifua, akasema huyu ni wa mjini, leo hii. Walikaa hospitalini Kericho siku kumi na moja. Siku ya nne Bonareri alichukua ruhusa, akabeba mayai sita na uji katika chupa, akafika mpaka kitandani. Tecla alipokea mayai. Hakusema keti.

Wakati huo huo, mahali pa kupimia, wanawake walikuwa bado wanatia konzi. Bonareri alivumilia siku mbili, akiona majani ya wenzake yakiongeza uzito wa kikapu chake, halafu ya tatu akasimama kabla ya lori kufika, kitabu kimefungwa, akawaeleza yote tangu honi mpaka kibuyu. Alieleza vibaya, akirudia rudia.

"Kumbe," Nyambeki akasema, "konzi zetu zote zile tulikuwa tunamlipa mama yako."

Wengine walicheka, kicheko kifupi. Mmoja kutoka Kedowa aliuliza kama na ile habari ya mume kuuza shamba ilikuwa ya mama yake pia, maana yeye alikuwa amekwisha kugombana nyumbani kwa ajili hiyo. Bonareri alisema hiyo ilikuwa ya kitabu. Yule mwanamke akasema sawa, lakini alisema kama mtu anayerudishiwa pesa na kuziinua juu kwenye mwanga. Kesho yake hakukuwa na konzi. Alichuma peke yake, akafika wa mwisho, akakaa juu ya nyasi na debe lake la vitabu miguuni bila kulifungua.

Alivibeba vitabu vyote vinne mpaka dukani kwa Mwalimu Kiarie, akaviweka juu ya kaunta kati ya mizani na magunia. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho huku akifunga sukari robo robo kwenye karatasi.

"Kitabu hakina mdomo," alisema. "Kinaazima wako. Ndiyo maana ni lazima uusafishe." Kisha akavisukuma vitabu vikamrudia. "Jina lako sitalipeleka mwaka huu. Hivi rudi navyo. Nikivichukua, nani atawarekebishia?"

Alirudi navyo. Kila jioni, Kemunto akishalala, alisoma mstari kwa mstari, kidole chini, hata kurasa ambazo hakuna mtu angeuliza. Neno asilolijua aliliandika pembeni mwa daftari akamwulize Mwalimu. Juu ya ukuta hapakuwa na sauti ya kijiko. Nyumba ya Tecla ilikuwa na giza, naye aliusikiliza ukimya ule kuliko alivyowahi kusikiliza kelele.

Mwezi wa tano ulipoanza, Tecla alirudi. Mtoto alikuwa mzima, mwembamba kama fito, na katika jicho la kushoto alikuwa amebaki na alama nyeupe, ndogo, kama ukucha wa mtoto mchanga. Daktari alisema haitaondoka. Kogo alikwenda zake Sosiot. Tecla alimsalimia Bonareri asubuhi, kama mtu anavyomsalimia karani, akapita.

Mchana lori lilichelewa kuliko kawaida. Wanawake walikaa, wakachambua majani makavu vikapuni, wakazungumza habari za mvua. Tecla alikuwa upande wa mbali, mgongo kwa Bonareri, na mtoto wake kati ya miguu. Debe la vitabu lilikuwa limefunikwa. Bonareri aliangalia mikono yake, jinsi utomvu wa chai ulivyoitia weusi kwenye vidole, na hakuinua kichwa mpaka kivuli kidogo kiliposimama mbele yake.

Alikuwa Chelangat, amepita katikati ya vikapu vyote vile peke yake. Aligeuza kichwa upande, ili amwone vizuri kwa jicho la kulia. Kule nyuma Tecla alikuwa bado hajageuka, lakini alikuwa ameacha kuchambua. Mtoto akapumua, akasema kwa sauti, wote wakasikia:

"Mama amesema usome, na yeye ataangalia kidole."